Somo la Wiki: Kompyuta ya Mezani au ya Kupakata?

 

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunapanga viti baada ya kipindi, mama mmoja alinivuta pembeni. Binti yake ana miaka 15 na ameanza kujifunza kutengeneza tovuti. Akaniuliza, "Mwalimu, nimeweka akiba pauni 400. Nimnunulie kompyuta ya mezani au ile ya kubeba? Nikikosea sina nyingine."

Nilikuwa nawahi zamu ya usiku. Nikamjibu, "Inategemea," nikakimbilia basi. Njia nzima nilijilaumu. Mtu amekuuliza habari ya pesa ya jasho lake, wewe unamjibu neno moja!

Somo la leo ni jibu langu kamili kwake, na kwa kila mzazi ambaye mtoto wake anataka kufanya kazi hii nyumbani. Mimi ni muuguzi, si fundi wa kompyuta. Ninayoyajua nimeyajua kwa sababu mara ya kwanza nilikosea, na kosa lile halikuniumiza mfuko peke yake.

Wazazi, someni pamoja na watoto. Sehemu ya 2 na ya 3 zisomwe kwa sauti.

1. MSAMIATI

Kompyuta ya mezani: ni kompyuta inayokaa mahali pamoja. Sanduku lake, skrini, kibodi na kipanya ni vitu mbalimbali vinavyounganishwa kwa waya.

Kompyuta mpakato: ni kompyuta ya kubeba, ambayo kila kitu kiko pamoja na ina betri yake. Jina linatokana na kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani. Mama humpakata mtoto.

Tarakilishi na kipakatalishi: hivi ndivyo wanavyofundishwa wenzetu wengi wa Kenya. Tarakilishi imetokana na tarakimu na akili. Kipakatalishi ni tarakilishi ya kupakata. Mitaani, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, wengi husema tu "laptopu". Darasani kwetu yote yanakubalika. Wanafunzi ambao wazazi wao wametoka Bukavu au Goma waulize nyumbani wanasemaje, watuletee.

Tovuti: kurasa za mtu, duka au shule zinazosomwa kwenye mtandao.

Kivinjari: programu ya kufungulia tovuti. Kuvinjari ni kuzunguka huku na huku ukitazama.

Msimbo: maandishi ambayo kompyuta huyafuata. Tovuti huandikwa kwa HTML, CSS na JavaScript.

Kihariri: programu ya kuandikia msimbo. Vizuri vingi ni vya bure.

Prosesa, kumbukumbu na hifadhi: fikirieni jikoni. Prosesa ni mpishi. Kumbukumbu ni meza anayokatia vitunguu. Hifadhi ni kabati la kuwekea vyakula. Mpishi hodari akipewa meza ndogo kama sinia atachelewesha chakula, hata kabati likiwa kubwa namna gani.

2. KISOMO: KOSA LANGU

Miaka mitatu iliyopita mwanangu wa kwanza, akiwa na miaka 14, aliniambia, "Mama, nataka kujifunza kutengeneza tovuti." Nilifurahi mno. Kesho yake asubuhi nilitoka zamuni macho mazito, nikapita dukani, nikaona kompyuta mpakato nyembamba, inang'aa, imepunguzwa bei hadi pauni 190. Sikuuliza kitu. Nikalipa, nikaenda nayo nyumbani kama niliyebeba keki ya harusi.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kompyuta ile ilikuwa na gigabaiti 4 tu za kumbukumbu, nazo zimegandishwa kwenye ubao wake, haziongezeki. Hifadhi ilikuwa gigabaiti 64, na karibu nusu yake imeshajaa kabla hatujaitumia. Kijana akifungua kihariri na kivinjari kwa pamoja, inasimama. Anasubiri. Anaizima na kuiwasha tena.

Meza hakuwa nayo. Alikuwa akifanyia kazi kitandani, kompyuta mapajani, shingo imeinama kama mtu anayechambua mchele. Akaanza kulalamika kichwa. Mimi, muuguzi, niliyewauliza wagonjwa wangapi wanakaaje na wanalalaje, nilimpa panado nikaenda kazini. Sikuwahi kumuuliza anakaaje.

Siku moja aliiacha sakafuni, mdogo wake akaikanyaga gizani. Skrini ikapasuka na bawaba ikang'oka. Fundi alitaka pauni 140. Nikasema tutaitengeneza mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miezi minane, na kijana akaacha.

Hayo yote ningeyasahau. Lakini Jumapili moja nikiwa jikoni nilimsikia anaongea na bibi yake wa Tanga kwenye simu. Bibi alimuuliza habari za kompyuta. Akajibu, "Bibi, nimeacha. Mimi sina kipaji cha mambo hayo."

Hapo niliumia. Mtoto hakuwa na tatizo la kipaji. Alikuwa na tatizo la kifaa, na kifaa kile nilikichagua mimi. Mtoto hajui kutofautisha. Kifaa kikimshinda, anadhani kazi ndiyo imemshinda.

3. MAZUNGUMZO: TUNAANDIKA KWANZA

Mwaka uliofuata nilipata zamu za ziada, nikaweka pauni 400. Safari hii tuliketi mezani na karatasi. Haya ni mazungumzo yetu, nimeyafupisha. Mmoja asome Mama, mwingine Kijana.

KIJANA: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba baba. Kaa hapa. Leo hatuendi dukani, tunaandika kwanza. Kazi yenyewe unaifanyaje? Nieleze kama unavyomweleza bibi.

KIJANA: Upande mmoja naandika msimbo. Upande wa pili nafungua kivinjari naangalia ukurasa unavyotokea. Nikibadilisha rangi huku, naiona kule.

MAMA: Kwa hiyo unataka kuona vitu viwili kwa wakati mmoja.

KIJANA: Ndiyo. Kwenye ile ndogo nilikuwa nafungua na kufunga, nafungua na kufunga, mpaka nasahau nilikuwa natafuta nini.

MAMA: Inataka nguvu nyingi kama ile ya michezo ya kompyuta?

KIJANA: Hapana. Kadi kubwa ya picha ni ya michezo. Mimi nataka kumbukumbu, gigabaiti 8 zisipungue, na 16 zikipatikana ni bora zaidi. Na hifadhi iwe ya SSD, gigabaiti 256 zinanitosha.

MAMA: Utafanyia wapi?

KIJANA: Chumbani.

MAMA: Chumbani mnalala wawili, na mdogo wako analala saa mbili na nusu.

KIJANA: Basi sebuleni, ile kona ya pasi.

MAMA: Na pasi itakwenda wapi?

KIJANA: Chumbani kwako.

MAMA: Haya, tumeshaanza kuhamishana. Nani mwingine ataitumia?

KIJANA: Mdogo wangu, kazi za shule. Na wewe, kozi zako za kazini.

MAMA: Utaibeba kwenda wapi?

KIJANA: Shuleni wana zao. Kwa rafiki, mara mojamoja. Na Tanga tukienda.

MAMA: Tanga tunakwenda wiki nne kila baada ya miaka miwili. Tununue kwa ajili ya wiki nne, au kwa ajili ya wiki mia moja tunazokaa hapa Birmingham?

Kijana alinyamaza, kisha akaandika kwenye karatasi: YA MEZANI.

4. TULICHONUNUA

Tulinunua kompyuta ndogo ya mezani iliyokwishatumika ofisini na kukarabatiwa, yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu. Hesabu yetu ilikuwa hivi:

Kompyuta: pauni 165
Skrini pana iliyotumika: pauni 60
Kibodi na kipanya: pauni 20
Kamera na spika: pauni 25
Kifaa cha kupokelea waifai: pauni 10
Kiti kilichotumika: pauni 30
Jumla: pauni 310

Angalieni mistari mitatu ya kabla ya jumla. Kompyuta nyingi za ofisini hutumia waya wa mtandao, kwa hiyo huenda isiwe na waifai ndani. Kamera nayo haina. Na bila kiti mtoto ataburuta stuli ya jikoni. Anayesema kompyuta ya mezani ni rahisi, mwulizeni kama amehesabu hivyo pia.

Kona ya pasi iko hatua nne kutoka jikoni. Sikulipanga hilo, lakini limekuwa na faida yake. Nikisonga ugali, yeye yuko pale anaandika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa tovuti ya mama mmoja wa hapa kwetu anayepika maandazi na sambusa za shughuli. Mama huyo alitaka kurasa mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Basi jioni nzima naulizwa: "Mama, kitufe cha kutumia oda tukiiteje?" "Mama, ni sambusa zetu au sambusa yetu?" Angekuwa amejifungia chumbani na kompyuta mapajani, angeiuliza simu.

Hasara zipo pia. Tulipokwenda Tanga aliacha kompyuta Birmingham. Mteja akapiga simu, bei ya maandazi ibadilishwe. Kwa bahati alikuwa ameweka nakala ya kazi yake GitHub, akaazima kompyuta mpakato ya binamu yake. Wakati anaandika, umeme ukakatika mtaa mzima. Feni ikasimama, friji ikanyamaza, lakini ile ya binamu ikaendelea kwa betri mpaka akamaliza. Ya mezani ingezimika palepale. Binamu akamcheka, "Ndiyo maana sisi huku tunapakata!"

5. SARUFI: KAULI YA KUTENDEA

Tazameni vitenzi hivi katika kisomo: kufanyia, kuandikia, kupokelea, kufungulia. Vyote viko katika kauli ya kutendea. Moja ya kazi za kauli hii ni kuonyesha kitu au mahali panapotumika kwa tendo fulani.

kulala – chumba cha kulalia
kukata – kisu cha kukatia
kuandika – kalamu ya kuandikia
kufanya – meza ya kufanyia kazi
kutengeneza – kompyuta ya kutengenezea tovuti

Kama mzizi wa kitenzi una a, i au u mwishoni, kwa kawaida tunaongeza i: pika – pikia, funga – fungia. Kama una e au o, tunaongeza e: soma – somea, tengeneza – tengenezea.

Nimechagua sarufi hii kwa makusudi. Mara ya kwanza nilinunua kompyuta, basi. Mara ya pili nilinunua kompyuta ya kufanyia kazi fulani, mahali fulani. Kabla hujalipa, jaribu kuimaliza sentensi hii: "Hii ni kompyuta ya ku...ia nini, na wapi?" Ukishindwa kuimaliza, rudi nyumbani kwanza.

6. MIZANI: LINI IPI INAFAA

Wodini kwetu tuna aina zote mbili. Zipo zilizokaa kwenye dawati la wauguzi, na zipo za kwenye toroli tunazosukuma kitanda hadi kitanda wakati wa kugawa dawa. Ya dawatini ina skrini kubwa na haichoki, lakini siwezi kumpelekea mgonjwa. Ya toroli inafika popote, lakini zamu iliyotangulia ikisahau kuichaji, inazimika katikati ya mzunguko. Hakuna muuguzi anayebishana ipi ni bora. Tunaangalia kazi.

Kompyuta ya mezani inafaa zaidi kama:

Nyumba ina kona moja isiyohamishwa kila jioni.
Pesa ni ndogo. Kwa pesa ileile, ya mezani kwa kawaida hukupa nguvu zaidi kuliko ya kubeba.
Unataka kuiongeza baadaye. Leo gigabaiti 8, mwakani 16. Kikiharibika kibodi unabadilisha kibodi tu.
Zaidi ya mtu mmoja watatumia.

Kompyuta mpakato inafaa zaidi kama:

Mtoto ana nyumba mbili, kwa mfano wiki kwa mama Birmingham na wikiendi kwa baba Coventry.
Makazi yenu ni ya muda. Familia moja ninayoifahamu ilihamishwa mara tatu katika mwaka mmoja. Kwao ya mezani ingekuwa mzigo juu ya mzigo.
Kijana anakaribia kwenda chuo, au anaonana na wateja na kuwaonyesha kazi.
Meza ni moja tu, na saa moja usiku inatakiwa kwa chakula.

Mkichagua mpakato, msiishie hapo. Nunueni kibodi na kipanya vya nje, na siku moja skrini ya nje. Ikifika nyumbani inakaa mezani kama ile nyingine, na ikitoka inapakatwa. Wengi wanaofanya kazi ya tovuti wanafanya hivyo. Lakini pigeni hesabu: ile tuliyoikuta yenye gigabaiti 16 ilikuwa pauni 330 iliyotumika. Ongeza kibodi na kipanya pauni 20, na kiti pauni 30, unafika 380. Skrini itasubiri.

Faida moja zaidi kwa wasafiri: plagi za pembe tatu za hapa ndizo zinazotumika sana Kenya na Tanzania pia, kwa hiyo chaja yako itaingia ukutani kwa bibi. Kwenye ndege, kompyuta yenye betri uibebe mkononi.

7. HESABU: UMEME

Tuchukue mfano. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini inakula wati 120. Mpakato inakula wati 40. Kila moja inawashwa saa 5 kwa siku. Uniti moja, yaani wati 1,000 kwa saa moja, tuseme ni peni 25.

Ya mezani: 120 × 5 = 600, sawa na uniti 0.6. Mara 25 ni peni 15 kwa siku.
Mpakato: 40 × 5 = 200, sawa na uniti 0.2. Mara 25 ni peni 5 kwa siku.

Tofauti ni peni 10 kwa siku, pauni 3 kwa siku 30, pauni 36 kwa miezi 12. Kwa wenye mita ya kulipia kabla, kama LUKU ya kule nyumbani, pauni 3 zinaonekana. Lakini si kubwa kiasi cha kuamua peke yake. Kompyuta ndogo za ofisini hula pungufu ya hapo, na kila kompyuta ina karatasi inayotaja wati zake. Watoto, tafuteni karatasi hiyo.

8. JE, WAJUA?

Mtandao wa tovuti ulibuniwa na Mwingereza, Tim Berners-Lee, aliyezaliwa London mwaka 1955. Aliupendekeza mwaka 1989 akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Tovuti ya kwanza duniani ilikaa kwenye kompyuta yake ya mezani ya aina ya NeXT. Aliibandikia karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu kuwaonya watu wasiizime, maana kuizima kungekuwa kuizima tovuti yenyewe.

Na kompyuta ya kubeba? Osborne 1, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, skrini ya inchi 5, na haikuwa na betri. Hiyo ungeipakata mapajani ungeita watu waje kukuokoa!

9. KONA YA MUUGUZI

Haya nilipaswa kuyasema miaka mitatu iliyopita ndani ya nyumba yangu.

Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho. Kama ni mpakato, iinue juu ya vitabu vinene na utumie kibodi ya nje.
Mgongo uegemee kiti. Nyayo ziguse sakafu. Kama hazifiki, weka sanduku chini.
Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali mita 6 kwa sekunde 20. Kisha simama kila baada ya nusu saa hivi, hata kama ni kwenda kunywa maji.
Mtoto akilalamika kichwa au macho, muulize kwanza anakaaje. Kupima macho kupitia NHS ni bure kwa walio chini ya miaka 16, na kwa wa miaka 16 hadi 18 wanaosoma muda wote. Maumivu yakiendelea, mpelekeni kwa daktari.
Usiku kompyuta ilale, na mtoto alale. Hapa ya mezani ya sebuleni ilinisaidia: haiendi naye kitandani.

10. KWA WAZAZI: KABLA YA KULIPA

Kwanza, jaribuni bure. Maktaba zina kompyuta za umma. Maktaba kuu ya Birmingham pale Centenary Square, iliyofunguliwa mwaka 2013 na Malala Yousafzai, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtoto akae saa mbili mbele ya skrini kubwa, kisha aazime mpakato ya rafiki saa mbili. Atakwambia mwenyewe ipi inamfaa.

Pili, iliyotumika si aibu, lakini ulizeni umri wake. Muda wa kawaida wa Windows 10 kupata marekebisho ya usalama ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubali Windows 11. Wauzaji wanajua, ndiyo maana bei zimeshuka. Kama mtoto yuko tayari kujifunza, kompyuta ya namna hiyo inaweza kuwekewa Linux bure. Kuna Linux maarufu iitwayo Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004. Jina hilo ni ndugu wa neno letu utu.

Tatu, ulizeni maswali manne dukani: kumbukumbu gigabaiti ngapi? Inaongezeka? Hifadhi ni SSD? Kama ni mpakato, betri inakaa saa ngapi kwa sasa, si ilipokuwa mpya?

Nne, tunzeni risiti. Kwa sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, ukinunua kwa mfanyabiashara kitu kikawa kibovu, una siku 30 za kukirudisha na kudai pesa yako yote, hata kama ni cha mkono wa pili. Ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, kwa kawaida una siku 14 za kubadili mawazo. Ukinunua kwa mtu binafsi mtaani, kinga hizo huna. Washeni kabla ya kulipa.

Tano, wekeni nakala. Ya kubeba huibwa au huanguka, ya mezani huharibika diski. Kazi ya mtoto iwe mahali pawili daima.

11. MAZOEZI

A. Andika kitenzi kilicho kwenye mabano katika kauli ya kutendea.

1. Hiki ni kiti cha ______ (kukaa).
2. Tafuta kona ya ______ (kusoma).
3. Kihariri ni programu ya ______ msimbo (kuandika).
4. Begi hili ni la ______ kompyuta (kubeba).
5. Simu ya zamani inafaa kuwa ya ______ tovuti (kujaribu).

B. Andika kwa wingi.

1. Kompyuta hii ni nzito.
2. Kipakatalishi hiki ni chepesi.
3. Kipanya changu kimeharibika.
4. Skrini ile ni pana.

C. Hesabu. Tumia wati na bei za sehemu ya 7, lakini kompyuta iwashwe saa 3 kwa siku. Tofauti ya gharama kwa siku 30 ni kiasi gani?

D. Jibu kwa sentensi kamili.

1. Kwa nini kijana alidhani hana kipaji?
2. Mama alikosea wapi kama mzazi, na wapi kama muuguzi?
3. Taja jambo moja ambalo mpakato ya binamu iliweza na ya mezani isingeweza.

12. KAZI YA NYUMBANI

Chora ramani ya nyumba yenu. Weka alama mahali ambapo kompyuta ya mezani ingekaa, na kama pana plagi. Kisha keti na mzazi au mlezi wako, mjibu maswali haya matano kwa Kiswahili: Ni kazi gani? Itafanyiwa wapi? Nani mwingine ataitumia? Itahama mara ngapi? Pesa yote ni kiasi gani, pamoja na kiti? Andika sentensi nane. Asiye na mpango wa kununua naye afanye, ni zoezi la lugha.

Na wewe mama wa mlangoni, unajijua. Kwa ulivyonieleza, binti yako anashinda nyumbani, na mna ile meza ya dirishani isiyotumika. Ningekuwa wewe ningechukua ya mezani, na zitakazobaki ningempa kiti kizuri. Lakini muulize yeye kwanza, kwa karatasi na kalamu. Ukitaka, Jumamosi nitakuja mapema nusu saa, tukae watatu. Mwanangu amesema atakuja pia. Siku hizi haongei tena habari ya kukosa kipaji.

Tuonane Jumamosi, Mungu akipenda.

Majibu. A: 1. kukalia 2. kusomea 3. kuandikia 4. kubebea 5. kujaribia. B: 1. Kompyuta hizi ni nzito. 2. Vipakatalishi hivi ni vyepesi. 3. Vipanya vyangu vimeharibika. 4. Skrini zile ni pana. C: Ya mezani peni 9 kwa siku, mpakato peni 3, tofauti ni peni 6 kwa siku, yaani pauni 1.80 kwa siku 30. D: tutajibu pamoja darasani.